Nani Atamtania Marehemu?

Juzi nilikuwa msibani, kijiji kimoja cha ujamaa hapa Kilosa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama: "Ndugu wananchi, siku hizi hakuna Msagara wala Mnyamwezi. Sote ni Watanzania."

Tukaitikia. Mjane, bibi wa Kisagara, akainua uso. "Sasa ndugu mwenyekiti, kama watani wetu Wanyamwezi hawapo tena, mume wangu nani atamtania msibani?"

Mwenyekiti, Mnyamwezi wa kuzaliwa, akavaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akachechemea kama yeye mpaka mbele ya mjane.

"Wasagara wavivu nyinyi! Hata kaburi mnamsubiri Mnyamwezi awachimbie!"

Mjane, ambaye tangu jana yake hakuwa ametoa hata chozi, akacheka mpaka akalia.

Utanzania naupokea kwa mikono miwili. Ila siku yangu ikifika, mwenyekiti hotuba aiache ofisini, matusi aje nayo.