Ilifungia Sukari, Jumanne

Baba yangu alikuwa na daftari ambalo hakuna mtu Makongeni aliyeruhusiwa kuligusa kabla ya kunawa mikono. Alikata vipande vya magazeti yaliyofungia nyama na sukari, akavibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, na chini ya kila kipande akaandika kilikotoka. "Ilifungia sukari, Jumanne." "Ilifungia matumbo, ndiyo maana ina doa." Jumapili baada ya kanisa majirani walikuja kusomewa, naye alijua nani asomewe nini: mwenye kuku, habari za kuku, mjane wa nyumba ya tatu, vichekesho.

Kisha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kikafungwa. Baba akahamia kwenye stuli pale mlangoni, daftari likaingia chini ya godoro. Nyama ilikuja na gazeti lake, mama akalitupa. Niliogopa. Nilikuwa nimewaona wenzake waliokaa hivyo hivyo mpaka wakaisha.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo Ruiru iliyokuwa imepata intaneti majuzi tu. Mwenye ofisi, mama mmoja mwenye roho safi, aliniruhusu kuitumia saa ya chakula cha mchana, na kuchapisha nyuma ya karatasi zilizoharibika. Nikajiambia nitamwamsha baba. Nilichapisha kila kitu: ng'ombe wa maziwa, mwezi, mafua, historia ya pamba, mapishi ya nchi nisizojua ziko wapi. Sikusoma hata nusu. Baada ya wiki mbili nikarudi nyumbani na mfuko umejaa, nami kichwa kimevimba.

Baba alifunua karatasi tano, sita, akazirudisha mfukoni.

"Hii yote ni ya nani, mami?" Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nikamwambia ni yake.

"Hapana. Hii ni ya mtu yeyote."

Jumatatu mama aliwashia jiko yale mapishi. Nilinuna wiki nzima. Hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa nimeshinda njaa siku kumi kwa ajili ya mzee yule. Lakini kila nikikaa mbele ya kompyuta nilimsikia tena. Kama si mtu yeyote, baba ni nani hasa? Nikakumbuka mikono yake. Kule kiwandani mashine zilipiga kelele hivi kwamba wafumaji walizungumza kwa ishara, na hata nyumbani alikuwa akijisahau, anaitisha chumvi kwa vidole viwili.

Nikatafuta hilo tu. Siku nne sikupata kitu. Siku ya tano nikakuta ukurasa wa mzee mmoja wa ng'ambo, aliyeeleza jinsi wafumaji wa kwao walivyozungumza kwa mikono. Niliutafsiri kwa kalamu, kwa Kiswahili, nikampelekea baba karatasi moja.

Aliisoma mara mbili. Akasema mzee huyo amekosea, uzi ukikatika ishara yake si hiyo. Akainuka kwenye stuli anionyeshe: hapa uzi umekatika, hapa simamisha mashine, hapa nimeunganisha, endelea. Akanifundisha hata ishara ya kumsema msimamizi akiwa amesimama palepale. Chai yetu ikapoa. Mama alikuja mlangoni, akaiona ile mikono ikienda, akarudi jikoni. Mimi nililia, wala sikujificha.

Baadaye nikamsikia baba akimwomba mama unga wa ngano kidogo.

Sasa baba hayupo, daftari ninalo mimi, na bado nanawa mikono kabla ya kulifungua. Karatasi ile imejikunja pembeni, uji ulikuwa mwepesi. Chini yake ameandika: "Hii haikufungia kitu. Mami amenichagulia."