Ncha ya Sindano ya Mama Pindo

Mama Pindo alishona sare za shule miaka kumi na tisa bila kuogopa sindano. Siku hizi anaziogopa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa pindo lake halina mchezo, na pindo hilo ndilo lililomfikisha kwenye chumba cheupe ambamo mafundi sita, waliofunikwa kuanzia nywele hadi viatu, wanashona mablanketi ya kituo cha anga. Kituo chenyewe hakijarushwa bado. Kikirushwa kitauzunguka Mwezi, na mablanketi hayo yatakivisha kwa nje, kukikinga na jua kali na baridi isiyo na mfano. Thelathini na tisa yamekwisha kusafirishwa.

Sheria ya chumba ni moja. Sindano ikivunjika, vipande vyote vinabandikwa kwenye kadi mpaka itimie, ndipo msimamizi anatia saini na kukupa nyingine. Ncha isipoonekana, blanketi zima linafumuliwa.

Asubuhi hiyo sindano yake ilivunjika. Shina alilipata, ncha hakuipata. Aliitafuta mezani, mapajani, akapitisha sumaku sakafuni. Blanketi la wiki tatu lilikuwa lifungwe saa sita mchana, na fundi wa mwisho kufumuliwa kazi yake alimwaga unga siku ile ile. Basi akavuta droo ya kadi za zamani zilizokwisha kutiwa saini, akabandua ncha kwenye kadi ya juu, akaibandika kwenye yake. Msimamizi akaitazama, akatia saini.

Tangu hapo roho ikawa juu juu. Kwenye chai ya asubuhi binti yake alikuwa amemuuliza, "Mama, hicho kituo kikiharibika huko nani atakitengeneza?"

"Si watanipigia simu nipande na cherehani yangu," alimtania.

Sasa utani huo ulimtia baridi. Aliiona ncha ikipenya tabaka kwa tabaka mpaka kwenye nyaya, taa zikizimika, na watu wanne watakaoishi humo ndani wasio na pa kukimbilia. Hata uzi ukamshinda kutunga.

Msimamizi alipoleta mfuko wa kufungia, Mama Pindo alisimama.

"Dada, usifunge. Ncha niliyokuonyesha nimeitoa kwenye droo. Yangu bado imo humo."

Msimamizi aliuweka mfuko kando. Alikaa naye, wakafumua. Kwenye tabaka la saba ncha ikaonekana, ndogo, inametameta. Mama Pindo akalia waziwazi. Kazi imekwenda, alijua, lakini angalau angelala.

"Haya, irudishe ile uliyoiba kwenye kadi yake," msimamizi alisema kwa uchovu, akaivuta droo amsaidie kuitafuta kadi isiyo na ncha.

Aliipata. Chini yake akakuta nyingine. Akazimwaga zote mezani, akazipanga, akazihesabu mara mbili. Kadi kumi na tatu hazikuwa na ncha.

"Mama Pindo, ulichukua ngapi?"

"Moja tu, dada."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Mafundi wengine watano walikuwa wameinamia kazi zao, na hakuna aliyeinua uso.