Minza Hasukumwi

Jirani yangu Minza anauza mchele hapa Igawa, kando ya barabara kuu. Mimi, Leokadia, nauza nyanya pembeni yake. Tangu apate ajali ya trekta, miaka kumi na minane sasa, anatembelea kiti mwendo, na hajawahi kukubali kusukumwa. Ukigusa tu vishikio vya nyuma anageuka: "Toka huko! Mimi siyo toroli."

Mwaka huu bega lake la kulia likaanza kuuma. Hata kuinua kopo la kupimia ikawa kazi. Badala ya kusema, alijichua na dawa, akazidisha mwendo, ati bega ni kama maksai, ukimpumzisha anazoea uvivu. Ubishi huo naujua, ni hofu tu. Bega likifa atakaa ndani akisubiri kubebwa, na Minza kubebwa hawezi.

Nilimsumbua mpaka akakubali twende Mbeya kwa Gideon, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Gideon hakuanza na bega. Aliinama, akabonyeza tairi la kiti kwa kidole gumba, kikazama.

"Mama, nani kapunguza upepo?"

"Mimi mwenyewe," akajibu Minza kwa maringo. "Kwetu Ubaruku trekta likiingia kwenye tope tunapunguza upepo lisiteleze. Ndiyo ufundi wenyewe."

"Trekta lina injini, mama. Injini ya kiti hiki ni bega lako."

Nilicheka mpaka nikakohoa. 

Minza akaambiwa ajaze upepo kila wiki. Asukume magurudumu taratibu, kwa mikono inayokwenda mbali, aache kuparura haraka haraka kama kuku. Beseni la mchele nalo lishushwe usawa wa mapaja. Yote hayo aliyakubali. Lililomshinda ni la mwisho: mwezi mzima, kwenye kile kilima cha kutoka kwake hadi barabarani, asukumwe.

Siku tatu alipanda mwenyewe, ameuma meno, nami nikimfuata na tenga langu. Siku ya nne akasimamisha kiti katikati ya kilima. Hakugeuka.

"Leokadia, si unasemaga una nguvu?"

Nikatua tenga, nikashika vishikio. Njia nzima akawa ananifokea: polepole, jiwe hilo, unataka kuniua? Nilikuwa nalia, nikamshukuru Mungu kwamba niko nyuma yake.