Damu ya Bondeni

Mwezi uliopita nilikwenda Pemba, Shumba, kumtazama kaka yangu, na nimerudi na hasira ambazo nilidhani zimekwisha zamani. Tulikuwa tumekaa barazani, mjukuu wake wa kike akaingia kutoka skuli, akatupa mkoba. "Bibi, leo tumepewa vidonge vya kichocho. Tumesimamishwa kwenye kijiti tukapimwa urefu, tukameza. Vichungu hivyo." Akaomba mkate wa mofa wa kuondoa uchungu, akala, akatoka kwenda kucheza. Basi, ndiyo imekwisha hivyo. Kaka yangu alicheka. Mimi, mwenzangu, sikuweza.

Sisi tulilelewa na bibi yetu, huko huko bondeni. Kijito kilipita katikati ya mpunga, maji yake vuguvugu, na konokono wadogo wameganda kwenye majani. Pale ndipo tulipofulia, tulipooshea sufuria, tulipofukuza ndege kisha tukaingia kuoga mpaka vidole vikakunjamana. Hata leo nausikia ule uvundo wa tope na mpunga mbichi, na bibi akipiga nguo juu ya jiwe. Nilikipenda kijito kile. Ndicho kilichotutia minyoo, mimi na kaka yangu.

Yeye ndiye aliyeanza kukojoa damu. Wavulana walijipanga ukingoni wakishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, na watu wazima wakipita wakiwatania: "Ushakuwa dume weye." Ilihesabiwa ni kukua tu, kama kuota meno. Halafu bibi akaiona damu kwenye kanga yangu. Damu ile ile, ya kijito kile kile. Nilikuwa darasa la nne, mdogo kuliko wenzangu wote. Bibi hakuniuliza kitu. Akamwita jirani yetu, kungwi aliyefunda wasichana wa pale, wakanong'onezana, na tangu siku hiyo nikawa mwari: chumbani, mlango umerudishwa, skuli basi.

Bibi akachinja kuku wake. Miaka ile mchele ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, naye akautoa wote aliouficha uvunguni, ukapikwa kwa nazi, majirani wakaja wakala. Harufu ya wali ule niliipata nikiwa ndani. Nilimwambia kungwi kwamba damu inaniunguza nikienda chooni, na inakuja kila siku.

"Mwari hasemi mambo ya nkojo," akanijibu. "Ya mwanzo huwa haina mpango."

Masika yalipokwisha, watu wa afya wakaja na vidonge, wakawapa watoto waliowakuta skuli. Waliowekwa ndani hakuna aliyewaulizia. Jioni kaka yangu akasimama uani akimwigiza mwalimu. Minyoo hutoka kwa konokono, hupenya ngozi, hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai yake yana mwiba, nayo huchana kibofu yakitafuta njia ya kutoka. Yanayobaki, mwili huyazingira, huvimba, hujaribu kuyazika, kovu juu ya kovu. Damu ile si ukubwa wa mtu, ni kidonda. Nilisikia kila neno kupitia ukuta wa udongo. Nikaita, "Bibi, basi mimi nina hiyo hiyo. Nirudishe skuli."

Bibi alikuwa akikoroga mchuzi. Nilisikia ameacha kukoroga.

Asubuhi alipanda gari la abiria kwenda Konde, akarudi na vidonge vimefungwa kwenye karatasi. Nikameza kwa uji. Haukupita muda mkojo wangu ukawa safi na maumivu yakaisha. Nikavaa ushungi wangu wa skuli, nikasimama mlangoni. Bibi akanitazama sana.

"Watu washakula, mwanangu," akasema. "N'tawambia nini?"

Akanivua ushungi kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akaukunja.

Watu huniambia nimsamehe, kwamba ni ujinga wa zamani. Ujinga ningeusamehe. Bibi yangu hakuwa mjinga hata kidogo. Aliyaelewa maneno yale mara moja, akayafuata mpaka Konde. Alijua ninachoumwa, akakitibu, na akaniacha ndani vilevile kwa sababu ya sahani za wali. Nilitoka chumba kile siku ya harusi yangu. Damu yenyewe ya ukubwa ilikuja muda mrefu baada ya karamu, na kungwi hakuitwa.

Bibi ameshazikwa, na kungwi pia. Kijito kimejaa magugu, jiwe la kufulia nimelitafuta sikuliona, na siku hizi watu wanateka maji ya bomba mferejini, yakitoka. Jioni ile, mtoto alipokwenda kucheza, nilimwuliza kaka yangu anakumbuka nini cha karamu yangu. Kesho yake nikawauliza na majirani waliobaki, wazee sasa, waliokaa kwenye mkeka wa karamu ile. Walifikiri kwa heshima, wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kama alikula.