Rula Ndefu ya Dalmas

Dalmas Wamalwa alikuwa akipiga mbao msasa kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na ole wako umsemeshe wakati huo. Ukimsalimia akiwa anapima, jibu lako lilikuja baada ya chai. Alikuwa fundi wa pateni katika karakana ya Mzee Gurbachan, hapa Nakuru, ng'ambo ya reli. Mimi Odero nilikuwa mtu wa tanuri, kwa hiyo alichokikosea yeye nilikichoma mimi, na ninaweza kumsema nitakavyo.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, pateni ni umbo la mbao la kitu kinachotakiwa. Dalmas alilichonga, sisi tukalibonyeza mchangani, tukalitoa taratibu, kisha tukamwaga chuma kilichoyeyuka katika shimo lililobaki. Chuma kikishapoa hunywea kidogo. Kwa sababu hiyo pateni huchongwa kubwa kuliko kitu chenyewe, na ili fundi asihangaike na hesabu kila saa, rula yake hutengenezwa ndefu kidogo kuliko rula za watu wengine. Dalmas aliachiwa yake na mzee Gopal, aliyemfundisha kazi. Mchoraji alileta vipimo vya kitu halisi, Dalmas akapima kwa rula hiyo, tanuri likamaliza mengine. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Ndivyo kazi ilivyokwenda tangu enzi za Gopal.

Rula nyingine hakuwa nayo. Tulimtania kwamba hata kitanda chake alikipimia hiyo hiyo, ndiyo maana kiligoma kupita mlangoni. Alikasirika sana, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Mwaka wa 1974 Manjit, binti wa Mzee Gurbachan, alirudi kutoka Nairobi alikokuwa akisomea uhandisi. Huyu tulimjua tangu alipokuwa akicheza na maranda chini ya meza ya Dalmas. Sasa alikuwa na utafiti. Alitaka kujua kama kifaa kilichobuniwa kwa kompyuta kingetoka karakanani upesi na sawasawa kuliko kile kilichochorwa kwa mkono. Alitueleza namna alivyotoboa kadi za kuipa kompyuta maagizo, akazipeleka chuoni, na ile mashine ikamrudishia karatasi ndefu iliyojaa vipimo, ambavyo yeye alivigeuza kuwa mchoro. Mimi nilisikiliza kwa adabu. Dalmas alisikiliza akiwa amekunja uso kama anayenusa maziwa yaliyolala.

Kifaa cha kujaribia kilijileta chenyewe. Chepkorir, mkulima wa ngano wa Mau Narok, alifika na vipande vya gurudumu la meno, lile linalozungushwa kwa cheni, kutoka kwenye mashine yake ya kuvunia. Lilikuwa limevunjika mara ya pili, tena pale pale kwenye mikono yake, ile inayounganisha ukingo na katikati. Jipya lingetoka Uingereza kwa meli, na ngano haingojei meli. Ilikuwa imekauka shambani, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya Mau.

"Mimi sitaki kujua nani anachora," alisema Chepkorir. "Mvua ikinyesha kabla sijavuna, nimekwisha."

Manjit akabuni gurudumu lenye mikono minene zaidi, kompyuta ikahesabu, mchoro ukaja. Dalmas aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaanza maswali. Kwa nini mikono imenenepa hivi? Kwa nini meno yameandikwa vipimo vyenye mikia mirefu ya desimali? Nani ataona tofauti ndogo kama hiyo kwenye mbao? Yalikuwa maswali ya fundi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kiti, na Mzee Gurbachan akachoka. Alimwambia mbele yetu sote kwamba ajuavyo yeye, Dalmas hataki mchoro huu ufaulu. Afuate karatasi kama ilivyo. Gurudumu likikataa, atajua kwamba ni Dalmas aliyelikatalia, na siku hiyo Dalmas afunge vyombo vyake aende.

Dalmas alikuwa na watoto shuleni na umri ambao karakana nyingine zingemcheka. Manjit alimfuata mezani, akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, kompyuta imeshafikiria kila kitu. Dalmas akaitikia kwa kichwa, wala hakuuliza tena neno lolote.

Basi akachonga. Sijawahi kuona pateni ikichongwa kwa uangalifu kama ile. Alipima, akapima tena, akamwita Manjit aje ajionee jino moja moja. Manjit akaona meno mazuri, akatabasamu. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo, maana nilijua huyu mtu hapimi gurudumu, anapima mkate wake.

Tukamwaga chuma. Kilipopoa tukakivunjia mchanga, tukakisafisha, fundi wa leth, mashine ya kukerezea chuma, akatoboa tundu la katikati. Chepkorir alikuwa amekuja na lori lake na cheni ya mashine ili aondoke papo hapo. Mzee Gurbachan hakutaka mtu mwingine aijaribu. Akaishika cheni mwenyewe, akailaza juu ya meno.

Jino la kwanza likaingia. La pili likaingia. Manjit akashusha pumzi. Mzee akaendelea kuizungusha, nasi tumeinama kumzunguka. Kisha nikaona cheni inakaa juu juu. Kwa kila jino ilipanda kidogo zaidi, mpaka ilipofika upande wa pili ikawa imesimama juu ya ncha za meno, haishuki. Mzee akaigonga kwa kiganja. Haikushuka.

Nje, upande wa Mau, kulinguruma. Chepkorir akaenda mlangoni akatazama juu.

"Wewe Dalmas," alisema Mzee Gurbachan, polepole kabisa, "hapana taka hii karatasi toka siku ya kwanza. Umeharibu makusudi."

Nilitamani Dalmas apige kelele, aape, atupe kitu. Hakufanya hivyo. Alikwenda mezani kwake, akakunjua gunia, akaanza kutia vyombo vyake kimoja kimoja: patasi, randa, tupa. Nilimkasirikia kila mtu, hata yeye.

Manjit alikuwa bado ameinamia gurudumu na rula yake ya chuma. Alipima jino hadi jino, akatazama karatasi, akapima tena. Kisha akainua macho, na wakati huo Dalmas alikuwa ameshika ile rula ya mbao, kitu cha mwisho kuingia guniani.

"Fundi," alisema, "ulipimia hiyo?"

Dalmas akamwambia yeye hajawahi kupimia nyingine, na Manjit anaijua tangu akitambaa.

Manjit akaichukua, akailaza mezani kando ya yake. Mianzo ikalingana. Miisho haikulingana. Akakaa juu ya kigoda, akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekwisha kuiongeza," alisema. "Ile nafasi ya kunywea kwa chuma. Nilimwambia kompyuta aiongeze kwenye kila kipimo. Nilikumbuka rula yako, Fundi. Nilitaka nikupunguzie kazi."

Tukaelewa wote kwa mara moja. Kompyuta ilishanenepesha gurudumu, na Dalmas akalinenepesha tena. Mmoja alinyamaza akidhani ameshasema, mwingine akanyamaza kwa kuwa alikatazwa kuuliza. Heshima nyingi na woga mwingi, hivyo viwili ndivyo vilivyopandisha cheni.

Mzee Gurbachan alimtazama binti yake, akamtazama Dalmas, akatoka nje kwenda kuongea na dereva wa lori kuhusu matairi. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za matairi.

Dalmas akavitoa vyombo vyake guniani. Akachukua ubao mpya, na Manjit akampa rula yake ya chuma. Kabla hajaanza aliniita, akanipa ile ya Gopal. "Ifiche, Odero. Usiniambie iko wapi. Mkono wangu utaitafuta."

Nikaificha nyuma ya makaa. Na kweli mkono ulikuwa ukiitafuta. Mara kwa mara niliuona ukienda pembeni mwa meza, ukapapasa, ukarudi mtupu. Manjit alikaa karibu naye akimsomea vipimo, naye alivirudia kwa sauti kabla ya kukata, na kila kilichokuwa hakieleweki alikiuliza pale pale. Mvua ya kwanza ilinyunyiza mjini tukiwa tunamwaga chuma. Chepkorir alikataa chai.

Safari hii Mzee Gurbachan alimpa Dalmas cheni. Dalmas akailaza. Jino baada ya jino ikazama, ikaenda upande wa pili ikiwa imetulia, ikarudi ilikoanzia, na ncha mbili zikakutana kama mikono ya watu wanaosalimiana. Chepkorir alisema "Haya" tu, akaamuru gurudumu lipakiwe, akapanda lori. Lakini niliona macho yake yamejaa machozi.

Lori lilipopotea barabarani, Mzee Gurbachan alisogea kwenye meza ya Dalmas. Akakohoa. Akasema yale maneno ya juzi yalikuwa ya hasira, na Dalmas asiyaweke moyoni.

Dalmas alikuwa akifagia maranda. Hakuinua kichwa.

"Mzee, mimi ningetaka kukuharibia, cheni ingeingia vizuri siku ile ile ya kwanza," alisema. "Gurudumu lingekuja kuvunjikia kule Mau Narok, katikati ya ngano."

Mzee Gurbachan akageuka kuiangalia barabara ambayo lori lilikuwa limeshapita.

Manjit alirudi chuoni, akaandika utafiti wake, na alituambia kwamba sura ndefu kuliko zote ilihusu rula. Ngano ya Chepkorir ilivunwa, na gurudumu lile lilifanya kazi misimu mingi. Lakini msimu ule wa kwanza, mpaka gunia la mwisho lilipoingia ghalani, Mzee Gurbachan alikuwa akipiga simu Mau Narok kila asubuhi kuuliza kama mashine inazunguka. Tulimsikia kupitia ukuta wa ofisi. Dalmas naye alimsikia, akaendelea kupiga msasa, na hakuwahi kumwambia asihangaike.