Sumaku Yangu na Kona ya Mzee Salum

Tangu nipewe kazi ya ukaguzi katika karakana yetu ya vyuma ya Ras Al Khor, huku ughaibuni, nilitembea na sumaku mfukoni, nikiringa kama daktari. Nilijua jambo moja tu: stenlesi halisi, chuma kisichoshika kutu upesi, haishiki sumaku.

Siku madam mmoja, mteja wetu, alipofuata reli za ngazi yake, sumaku ikang'ang'ania kwenye kona ya reli moja.

"Feki hii!" nikabwata, nikimkodolea macho Mzee Salum, fundi wa Kizanzibari aliyezikunja.

Mzee akachukua kipande kilichonyooka, akakiwekea sumaku yangu. Sumaku ikateleza, ikaanguka. Akakikunja bila moto. Sumaku ikanasa.

"Stenlesi ikikunjwa baridi hushika sumaku, mwanangu. Na kutu hupenda kuanzia hapo, ndiyo maana kona nazing'arisha mno." Akamgeukia madam. "Kijana wetu makini sana huyu."

Nikabandua sumaku yangu. Chini yake, kwenye kipande kile, palikuwa na mwandiko wangu wa asubuhi ile, nilipokipima kikiwa kimenyooka: HALISI.