Mto Usiozungushiwa Mweusi

Ukishuka stendi ya Buzuruga, uliza tu kwa mama Gladness. Hata mpiga debe atakuonyesha kibanda kwa kidole, maana nusu ya mabango unayoyasoma njiani ni mkono wake: kinyozi mwenye panki, kuku wa kuchoma, jino linalocheka. Jina lake Evelina Masalu. Hakusomea uchoraji popote. Alianza kwa kuandika majina kwenye masanduku ya wanafunzi wa bweni, na mkono ukanoga.

Kazi huifanya na mumewe, Nestory, na wana utaratibu wao. Evelina hujaza rangi, halafu Nestory huzungushia mstari mweusi ili picha itoke. Bila mstari, kwao, picha haijaisha. Nestory akiikuta imekauka hivyo haulizi, anashika brashi.

Sasa mwaka huu akaja Jyotsna, mwenye duka la vitambaa mjini. Alitaka zawadi ya baba yake, mzee Natvarlal, anayetimiza miaka themanini: picha ya ukingo wa mto Simiyu, kule Magu, alikokuwa akinunua pamba ujanani. Evelina akaenda kukaa ukingoni asubuhi tatu, anatazama tu. Akaona vitu havina mpaka kule. Matete yanaingia kwenye maji, maji yanaingia kwenye mwanga. Akachora hivyohivyo, vidoa vidogovidogo vya bluu, njano, zambarau kidogo, bila mstari hata mmoja. Alipomaliza alijua kabisa kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Akaiacha ikauke.

Siku ya kuikabidhi, anatoka sokoni, anamkuta Nestory ameinama, anapiga mluzi. Mti mmoja na nusu ya ukingo vimeshazungushiwa, mweusi tii.

"Baba Gladness! Unafanya nini?"

"Nakumalizia. Wageni si wanakuja saa kumi?"

"Ilikuwa imeisha."

Nestory akaitazama picha, akamtazama mkewe. "Imeisha wapi? Mti wenyewe unavuja."

"Ndivyo ulivyo kule. Umewahi kuona mto umezungushiwa mweusi?"

"Si ungeniambia! Miaka kumi na sita nazungushia kila kitu, hadi mbuzi. Leo mto ndio unaringa?"

Evelina alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Saa nane ilikuwa imepita, lakini rangi ya Nestory ilikuwa bado mbichi, na rangi mbichi anaijua. Alichovya tambara kwenye thina, akafuta taratibu, na pale mstari ulipogoma kutoka akaugeuza kivuli, kijani juu ya zambarau, doa kwa doa. Nestory alimshikia kopo kama aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Saa kumi Jyotsna akafika na baba yake.

"Shikamoo, mzee," Evelina akasema.

"Marahaba."

Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Jyotsna akanong'ona, "Evelina, mbona kama haijaisha?"

"Dada, tuvuke barabara. Kazi yangu haisomwi kwa pua."

Wakavuka watatu, mzee ameshikwa mkono. Nestory akabaki kibandani, ameiinua picha kifuani.

Basi la Usagara likapita, likafuatiwa na jingine. Kisha mzee Natvarlal akasema, "Hapo ni saa mbili asubuhi. Upepo bado haujaanza."

"Saa mbili na robo, mzee," Evelina akasema.

"Pale kwenye kivuli ndipo tulipokuwa tunavushia marobota ya pamba." Akaendelea kutazama.

"Jyotsna," mzee akasema mwishowe, "mwambie yule bwana asiishushe kwanza."